Sura ya Sita: Panya Chini ya Boneti

Mashine ya kupimia ilidai kwamba maji ya kupozea injini yalikuwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ilikuwa Februari, saa saba mchana, Dar es Salaam. Feni ya rejeta ilianza kuvuma mara tu gari lilipowashwa na haikupumzika tena. Mwenye gari, mama mtu mzima anayefuga kuku huko Mbezi, alikuwa ameshanunua sensa ya joto mara mbili: ya kwanza ya mtumba, ya pili mpya ndani ya boksi lake. Kila mara taa ya injini ilifutwa kwa mashine, ikatulia siku moja au mbili, kisha ikawaka tena.

"Mama, sensa hii nzima," fundi umeme alimwambia. "Na hiyo uliyoitupa huenda nayo ilikuwa nzima."

"Sasa mwanangu, taa inawaka kwa sababu gani?"

Fundi hakumjibu kwa maneno. Alichomoa soketi ya sensa, akachukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha nacho pini mbili za soketi, akatazama mashine. Namba haikusogea. Hapo alichomoa betri na kuiweka chini, akawasha tochi ya simu na kuanza kufuata fungu la nyaya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, kutoka kwenye sensa kurudi nyuma. Chini ya sahani ya betri alikuta kiota. Kilikuwa na sponji iliyonyofolewa kwenye kava ya boneti, karatasi za mfuko wa chakula cha kuku, maganda ya alizeti na vinyesi vyeusi kama punje. Juu ya kiota nyaya tatu zilikuwa zimetafunwa. Mbili zimekatika kabisa, ya tatu inaning'inia kwa nyuzi chache za shaba.

Kwa hiyo mashine ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeisikiliza vizuri.

Ndani ya sensa ya joto mna kipande kidogo ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Kompyuta ya gari, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi, hutuma volti 5 kwenda kwenye sensa kupitia kizuizi kilicho ndani ya kompyuta yenyewe, kisha hupima ni volti ngapi zimebaki kwenye waya. Injini ikiwa ya moto, sensa hupitisha umeme kwa wingi na volti hushuka. Ikiwa ya baridi, volti hubaki juu. Waya ukikatika, hakuna tena kitu cha kuzishusha; zote 5 zinabaki palepale, na katika hesabu za kompyuta hali hiyo ina maana ya baridi kali kuliko zote inazozifahamu. Kwenye magari mengi kikomo hicho ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Kompyuta ikiona namba isiyoaminika namna hiyo huacha kuisikiliza sensa, huchukua kadirio lake yenyewe, huwasha feni moja kwa moja ili injini isije ikachemka, na huwasha taa ya njano.

Ndiyo sababu ya kipande kile cha waya. Fundi alipounganisha pini mbili za soketi alikuwa anaiambia kompyuta kwamba sensa iko kwenye joto kali mno. Kama nyaya zingekuwa nzima, namba kwenye mashine ingeruka kutoka baridi ya barafu hadi juu kabisa ya kipimo. Haikuruka. Maana yake ujumbe haukufika, na kama ujumbe haufiki, ukinunua sensa kumi utakuwa umenunua sensa kumi za bure. Jaribio hili ni la dakika moja na halina gharama yoyote. Ningependa kila mwenye gari alijue hata kama hatashika bisibisi maisha yake yote, ili aweze kumwomba fundi alifanye mbele yake.

Msimbo uliokuwa kwenye mashine ni P0118. Maelezo yake rasmi yanataja sakiti ya sensa ya joto la maji kuwa na volti zilizozidi. Neno la kuzingatia hapo ni sakiti. Sakiti ni sensa, na soketi yake, na waya wa kwenda, na waya wa kurudi, na pini za kompyuta upande wa pili. Msimbo unataja njia nzima. Sisi tunasikia jina la kifaa kimoja kilichoko mwisho wa njia na kukimbilia Kariakoo kukinunua. Ni hivyo hivyo kwa P0113 ya joto la hewa inayoingia, kwa P0135 ya kipasha joto cha sensa ya oksijeni, kwa P0201 ya nozeli ya silinda ya kwanza. Zote ni habari za sakiti. Panya hayumo kwenye orodha ya misimbo, wala hatakuwamo, kwa sababu kompyuta haioni chochote zaidi ya volti.

Magari ya wazee wetu hayakuwa na matatizo haya kwa kiwango hiki. Injini ya kabureta ilikuwa na nyaya za kuhesabika, na panya akikata mmoja, taa ya mbele ilizimika au honi ilinyamaza, basi. Gari la leo lina waya unaozidi kilomita moja kwa urefu ukiuunganisha wote. Nyaya nyingi ni nyembamba, za nusu milimita ya mraba, na ganda lake la plastiki halifikii hata unene wa ukucha. Kwa panya aliyekomaa hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Tumtazame mwenyewe. Meno mawili ya mbele juu na mawili chini hayaachi kukua maisha yake yote. Ya panya wa nyumbani hukua milimita mbili hadi tatu kila wiki. Upande wa mbele wa jino una tabaka gumu lenye madini ya chuma, ambalo ndilo huyapa meno rangi ile ya machungwa, na upande wa nyuma ni laini zaidi. Panya anapotafuna, upande laini hulika haraka kuliko ule mgumu, na jino hujinoa lenyewe kama patasi. Kwa hiyo hatafuni kwa njaa tu. Anatafuna kusawazisha meno, anatafuna kupanua njia, anatafuna kupata nyuzi za kutandikia watoto.

Kuna jambo jingine kwenye kinywa chake ambalo mtafutaji wa waya anapaswa kulijua. Nyuma ya meno ya mbele pana pengo lisilo na meno, na mashavu hujikunja kuingia kwenye pengo hilo na kuziba koo. Kwa njia hiyo panya anaweza kumenya kitu asichotaka kukila bila kukimeza. Ndiyo maana chini ya waya uliotafunwa huwa mnaangukia vipande vidogo vya plastiki, vyekundu, vya bluu, vya kijani, kwenye ngao ya chini ya injini au juu ya gia boksi. Ukiona chembechembe hizo za rangi, umeshajua mahali pa kutafuta, na rangi yenyewe inakuambia ni waya gani.

Nalitaja hili kwa sababu ya hadithi iliyoenea sana siku hizi, kwamba panya wanakula nyaya za magari mapya kwa kuwa maganda yake yametengenezwa kwa soya. Hadithi hii ina historia ya kweli. Mwaka 2016 wamiliki wa magari ya Toyota walifungua kesi ya pamoja katika jimbo la California, Marekani, wakidai hivyo hivyo, na kampuni ikakanusha. Mimi sishawishiki na nadharia ya soya. Panya walikuwa wanatafuna nyaya za plastiki ya kawaida kabla ya hapo, na mabomba ya risasi kabla ya plastiki kuwepo, na vile vipande vinavyobaki chini vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ganda haikuliwa hata kidogo. Kilichobadilika zaidi ni wingi wa nyaya na wembamba wake. Lakini kwa mwenye gari ubishi huo hausaidii sana, maana hata aliyeshinda hoja lazima akatengeneze gari lake.

Wala si shida yetu peke yetu. Ujerumani mharibifu mkuu si panya. Ni mnyama mdogo mla nyama wa jamii ya vicheche anayepanda ndani ya injini usiku na kung'ata mipira na nyaya akinusa harufu ya mwenzake aliyepita kabla yake. Kampuni za bima za huko hupokea madai zaidi ya 200,000 kwa mwaka kwa ajili yake. Katika bonde la Mineral King, ndani ya Hifadhi ya Sequoia huko California, wapanda milima hufunga magari yao yote kwa turubai kuanzia chini ya matairi, wakihofia marmoti, mnyama wa jamii ya panya mwenye ukubwa wa paka, anayetafuna mipira ya rejeta.

Kwetu wahusika ni wengine. Panya mweusi wa darini ndiye hodari wa kupanda: tairi, kisha mkono wa sespensheni, kisha yuko juu ya gia boksi. Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita sita hivi, yaani anaingia hata pale ambapo hewa ya kabini inaingilia. Na ukilaza gari pembezoni mwa shamba, Morogoro au Kilombero, utapata pia panya shamba, yule yule ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamemfuatilia kwa miongo kadhaa kwa hasara anayoitia mahindi. Uzao wake mmoja unaweza kuzidi watoto 10 na mimba yake ni ya wiki tatu na ushee, kwa hiyo mvua zikiwa nzuri idadi yake hupanda ghafla. Mavuno yakishatolewa shambani, naye huhamia majumbani na maghalani, na gari lililosimama karibu na ghala ni chumba kingine tu.

Watu husema panya anafuata joto la injini. Njombe, Mafinga au Limuru usiku wa Julai ni kweli kabisa, maana chuma cha injini hubaki na uvuguvugu saa kadhaa baada ya kuzimwa. Tanga au Mombasa hakuna panya anayetafuta joto. Huko anatafuta giza, ukavu, mahali paka hafiki, na chakula kilicho jirani. Tofauti hii ina maana kubwa wakati wa kujikinga. Aliyeko pwani ahangaike na chakula na maficho. Aliyeko nyanda za baridi ahangaike pia na mahali gari linapolala likiwa limetoka kazini.

Sasa kuhusu muda. Wahenga walisema panya huuma huku akipuliza, na kwenye gari ndivyo hali ilivyo hasa. Usiku aliotafuna sio siku taa itakayowaka. Mara nyingi hakati waya wote. Anamenya ganda na kuacha shaba uchi, au anakata nyuzi kumi na kuacha nne. Gari linaendelea kama kawaida. Kisha unyevu unaingia. Hewa ya pwani yenye chumvi huigeuza shaba kuwa kijani, na maji huvutwa ndani ya ganda kati ya nyuzi na kusafiri sentimita nyingi kutoka kwenye jeraha. Wiki zinapita. Mvua ya masika inaponyesha, au gari linapopita kwenye matuta ya barabara ya vumbi, mguso unakatika sekunde moja na kurudi. Taa inawaka leo, kesho imezima, kesho kutwa gari linamisi kwenye mlima tu. Hii ndiyo aina ya ugonjwa inayowachosha mafundi wazuri na kuwatajirisha wauza spea.

Kuna dalili moja ambayo hairuhusu kusubiri. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, unaweza kuendesha taratibu hadi gereji. Ikipepesa, yaani inawaka na kuzima mfululizo huku gari likitetemeka, maana yake silinda moja au zaidi haichomi mafuta, pengine kwa sababu waya wa koili au wa nozeli umeguswa. Petroli isiyoungua inatoka nayo hadi kwenye masega ya ekzosi na kuungulia humo. Masega yakiyeyuka, bei yake itakufanya uusahau ule waya. Simama, zima, vuta gari.

Nyingine ni taa nyingi kwa mpigo: injini, breki za ABS, usukani, mfumo wa kuzuia kuteleza, wakati mwingine hata mkoba wa hewa. Mwenye gari huona dashibodi imejaa na kudhani gari limekwisha. Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni utaratibu tu: kwenye magari mengi, Toyota zikiwemo, injini ikiwa na kosa mfumo wa kuzuia kuteleza hujizima kwa makusudi na kuwasha taa yake, kwa hiyo taa mbili ni kosa moja. Ya pili ni jozi ya nyaya za mawasiliano. Kompyuta za gari huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu uitwao CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Kwa kuwa nyaya hizo zinalala bega kwa bega, panya hukata zote kwa mkao mmoja.

Hapa pia pana kipimo kinachoweza kuokoa pesa nyingi. Kwenye kila mwisho wa jozi hiyo pamewekwa kizuizi cha omu 120, na viwili vikiwa sambamba vinasomeka 60. Fundi achomoe betri, achukue mita, apime kati ya pini ya 6 na ya 14 ya ile soketi ya pini 16 iliyoko chini ya usukani. Katika magari mengi akisoma 60, njia ni nzima. Akisoma 120, upande mmoja umekatika. Akisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana mahali fulani. Nimeona gari likiandaliwa kubadilishiwa kontrol boksi nzima, na mita ikasema 120.

Katika kutafuta, macho huanza kabla ya mashine. Fungua boneti mchana na tazama sponji ya ndani: imenyofolewa? Angalia pembeni ya betri, nyuma ya injini kwenye ukuta wa kabini, juu ya gia boksi, na kwenye injini za V6 lile bonde lililoko kati ya safu mbili za silinda, ambako kuna kivuli na nafasi ya kutosha familia. Fungua boksi la airklina. Toa chujio la hewa ya kabini lililoko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kama ukiwasha kiyoyozi unasikia harufu ya mkojo, chanzo huwa hapo. Anayenunua gari lililokaa yadi kwa miezi afanye haya kabla ya kulipa, na aombe mashine inayosoma vizuri magari ya soko la Japani, kwa kuwa zile za bei nafuu mara nyingine hazielewani nayo.

Usiguse kiota kwa mikono mitupu. Mkojo wa panya unaweza kubeba bakteria wa leptospira. Julai 2022 ugonjwa ulioitia hofu Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, ulitokana na bakteria hao hao, nao ni homa ya mgunda: watu 20 waliugua na watatu wakafariki. Vaa glavu na barakoa, lowesha kiota kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini ili vumbi lisiruke, kisha kizoe kwenye mfuko na kuufunga. Usikipulize kwa kompresa. Nimeona vijana wa gereji wakipuliza kiota usoni mwao bila wazo lolote, na inaniuma, kwa sababu hao ndio wanaotutengenezea magari na hakuna aliyewaambia.

Kuunga waya ni kazi inayodharauliwa. Njia ya haraka, ya kusokota shaba mbili kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi, ndiyo chanzo cha taa kurudi baada ya miezi sita: gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la injini, maji yanaingia, kijani kinaanza upya. Fundi akate sehemu yote iliyogeuka rangi hata kama ni ndefu, aunganishe waya wenye unene ule ule, abane kiungo kwa kibanio chake au akitie risasi, kisha akivishe mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani. Nyaya zikiwa nyingi, viungo visipangwe mahali pamoja. Kila kimoja kikae mbele au nyuma ya mwenzake, fungu lisivimbe wala viungo visije vikagusana. Zile mbili za CAN zisokotwe tena kama zilivyokuwa. Nyaya za manjano za mkoba wa hewa ziachwe kwa mtu aliyesomea. Na kama bomba la plastiki la petroli lina alama za meno, hakuna kuunga. Linabadilishwa zima, siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo eneo lote lioshwe. Panya huacha njia ya harufu kwa mkojo na mafuta ya mwili wake, na mwingine ataifuata hata kama wa kwanza amekufa.

Je, kinga? Kila mtaa una dawa yake. Wengi huweka naftalini chini ya boneti. Mvuke wake huvutwa na kiyoyozi na kuingia kwenye mapafu ya watoto waliokaa nyuma, nami siwezi kuipendekeza. Wengine hupaka dizeli kwenye nyaya, jambo linaloharibu mipira na kuongeza hatari ya moto. Vile vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu havina sifa nzuri: mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji wake zaidi ya 60 ikiwaonya juu ya madai yasiyo na ushahidi, na panya huzoea kelele upesi. Wamarekani wa maeneo ya jangwa hushauri kuacha boneti wazi usiku ili giza lipotee. Kwetu boneti wazi inamkaribisha mwizi wa betri. Honda huuza huko Marekani tepu ya kuzungushia nyaya iliyotiwa kapsaisini, kitu kile kile kinachoipa pilipili ukali wake. Hiyo ina mantiki, maana mamalia karibu wote huusikia ukali huo, ila inalinda tu pale ilipozungushwa.

Sumu nayo ina ubaya wake. Panya aliyeila anakwenda kufia mahali pa siri, na mahali pa siri panaweza kuwa ndani ya dashibodi yako. Zaidi ya hapo, paka au bundi akimla panya huyo naye hupata sumu. Bundi mmoja na makinda yake humaliza panya wengi kwa mwezi kuliko mitego ya mtaa mzima, na bado tunamrushia mawe kwa kumwita ndege wa uchawi. Kama bundi ametua kwenye mnazi wako, mwache.

Kinachofanya kazi ni kazi ya kila siku isiyo na utukufu. Mfuko wa pumba usilale ndani ya gari wala karibu nalo. Magogo, mabati na matofali yaliyorundikwa ukutani yahamishwe mbali na maegesho. Mtego wa kubana uwekwe karibu na tairi, ukutani, kwa sababu panya hutembea akigusa ukuta kwa sharubu. Wavu wa chuma wenye matundu yasiyofika milimita sita ufungwe kwenye mlango wa hewa ya kabini. Gari liwashwe na kusogezwa mara kwa mara. Lile linalosubiri mwenye nyumba arudi kutoka ughaibuni litapata wapangaji. Mama wa Mbezi alihamisha stoo ya chakula cha kuku hadi upande wa pili wa ua, na hilo lilimsaidia kuliko kitu kingine chochote alichokinunua.

Linabaki suala la malipo, na hapa namgeukia mteja. Sisi tunapenda kulipia kitu tunachokiona. Sensa mpya kwenye boksi tunailipia bila kinyongo, lakini fundi aliyelala chini ya gari kwa saa tatu akifuata waya mmoja, akauunga kwa mpira wa bei ya soda, tunamwambia, "Yaani pesa yote hii kwa kuunga waya tu?" Fundi anayeambiwa hivyo mara mbili atajifunza kuuza sensa. Patana naye mapema bei ya kutafuta, iwe kando ya bei ya kutengeneza, na umlipe hata kama kosa limepatikana dakika ya kumi. Mwombe akuonyeshe waya ulioliwa kabla hajaufunika, upige picha, na kabla hajafuta msimbo auandike pamoja na ile kumbukumbu ya hali ya gari ambayo kompyuta huitunza kosa linapotokea: mwendo, joto, mizunguko ya injini.

Kisha endesha. Taa ikiachwa bila kufutwa, magari mengi huizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kompyuta imeipima sakiti ile na kuikuta nzima, na huo ndio uthibitisho bora zaidi kuliko mashine yoyote. Ikiwaka tena na msimbo ule ule, rudini kwenye kiungo. Ikiwaka na msimbo mwingine kabisa, achana na duka la spea kwanza. Fungua boneti usiku huo huo ukiwa na tochi na glavu, na uanze kutazama chini ya sahani ya betri.